Mji mgeni na njaa inauma: mgahawa mdogo unaopika vizuri mnautambuaje?

Neema wa Safari

Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni ya kusafiri, na mara nyingi najikuta katika mji ambao simjui mtu hata mmoja. Sitafuti hoteli za vitambaa vyeupe mezani. Natafuta mgahawa mdogo wa kawaida, ule ambao watu wanaingia na nguo zao za kazi, wanakula wakashiba, wanalipa na kwenda zao. Chakula cha moto, kilichopikwa na mtu anayejua anachokifanya.

Kazi ni kuupata. Nikifungua simu, kila mgahawa una nyota nne na nusu. Nikimuuliza mtu wa mapokezi pale nilipofikia, ananielekeza kule kule wanakoelekezwa wageni wote. Nikitembea mwenyewe, nakuta mtaa mzima wa migahawa inayofanana, viti vya plastiki vile vile, picha za chakula zile zile ukutani.

Ninyi mnaokula sana mitaani, mnaangalia nini kabla hamjakaa? Na mkishakaa, mnaagiza nini kwanza? Sihitaji majina ya migahawa, maana wiki ijayo nitakuwa mji mwingine kabisa. Nahitaji jicho lenu.

MlaMjini

Dada Neema, karibu. Swali lako limenigusa penyewe, kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Mimi nakula nje karibu kila siku, na migahawa midogo naipenda kwa dhati. Mpishi wa mgahawa mdogo hana pa kujificha. Hana taa za kupendeza, hana muziki, hana jina kubwa. Ana sufuria zake na watu wale wale watakaorudi kesho. Hao wanaorudi kesho ndio jibu la swali lako. Mgahawa unaoishi kwa wateja wa kurudi ukipika ovyo siku mbili mfululizo, siku ya tatu meza ziko tupu. Unaoishi kwa wapita njia unaweza kupika ovyo mwaka mzima, kwa sababu kila siku inaleta watu wapya wasiojua. Kwa hiyo ukiwa mgeni kazi yako ni moja tu, kuwatafuta wanaorudi.

Utawajuaje? Hawasomi menyu. Wanaingia, wanaenda moja kwa moja kwenye kiti chao, na mhudumu anawawekea maji kabla hawajasema neno. Wengine wanasalimiana na mpishi kupitia dirisha la jikoni na kumuuliza hali ya mtoto. Angalia hasa waliokuja peke yao. Kundi la marafiki linaweza kukaa popote, mradi wapo pamoja, lakini mtu aliyekuja peke yake mchana, ana muda mfupi wa mapumziko na hela yake ya jasho, huyo amefuata chakula.

Halafu kuna ishara moja ninayoiamini kuliko foleni, nayo ni vyombo vya kubebea. Ukiona mtu amekuja na bakuli lake la mfuniko kutoka nyumbani, ajaziwe na aondoke nalo, simama hapo. Huyo anawapelekea watu wake, pengine watoto, pengine mama yake mgonjwa. Hakuna tangazo linaloweza kushinda bakuli hilo.

Ukipata nafasi, upite mtaa kabla ya kula. Saa nne au saa tano asubuhi mgahawa unaopika kweli unausikia na kuunusa: kitunguu kinaanza kukaangwa, mtu anachambua mboga mlangoni, sufuria kubwa inaburutwa sakafuni, gunia linashushwa. Sasa fikiria ule mwingine ambao saa tano uko kimya kabisa, milango nusu, hakuna moshi wala harufu, kisha saa sita na nusu unakuletea orodha ya vyakula thelathini. Hivyo vyakula vimetoka wapi? Vingi vilipikwa siku nyingine vikahifadhiwa.

Hapo ndipo na menyu inapoanza kuongea. Jiko la watu wawili au watatu lina mikono minne au sita. Mikono hiyo haiwezi kupika vyakula arobaini kwa siku moja vikawa vyote vya leo. Menyu fupi ni dalili nzuri, na menyu iliyoandikwa kwa chaki au kwa mkono asubuhi hiyo ni nzuri zaidi, kwa sababu imeandikwa na mtu aliyetoka sokoni. Na mhudumu akikwambia samaki wamekwisha, usinune. Maana yake walipika kiasi, watu wakakimaliza, na kesho watanunua wengine. Mimi nikisikia vitu viwili vimekwisha saa nane mchana, narudi kesho yake saa sita.

Niwape mfano mmoja ulionikaa kichwani. Ulikuwa mgahawa wa meza chache, mji niliokuwa napita tu. Nilikaa pembeni ambapo naliona jiko. Watu walishaanza kusubiri, mhudumu alishapanga bakuli kwenye kaunta, na sufuria ya supu ilikuwa inatokota. Mpishi akachota kwa kijiko, akaonja, akakitupa kile kijiko kwenye beseni la vyombo vichafu. Akatia chumvi kidogo, akakoroga kwa mwiko mrefu hadi chini, akasubiri. Akachukua kijiko kingine kisafi, akaonja tena. Mhudumu akamwambia kitu, nadhani alimhimiza kwamba watu wanangoja. Hakugeuka hata kumtazama. Akaonja mara ya tatu, ndipo akachukua upawa na kuanza kupakua, na kila bakuli alilifuta ukingo kwa kitambaa kabla halijatoka. Ukutani palikuwa na rangi iliyobanduka na feni ilikuwa inapiga kelele. Supu ile ilikuwa na chumvi sawasawa, wala huhitaji kugusa kitu chochote pale mezani. Tangu hapo, kama jiko linaonekana, nakaa pale ninapoliona.

Kuhusu kuagiza: siku ya kwanza agiza kitu cha kawaida kabisa. Wali mtupu na mboga, au supu, au maharage. Chakula chenye viungo vingi na sosi nzito kinaweza kuficha mkono mbaya. Cha kawaida hakifichi. Utajua kama wali umeiva hadi kiini, kama mboga zimepikwa zikabaki na rangi yake, kama chumvi ilitiwa wakati wa kupika au imerushwa mwishoni. Mkono ukikuridhisha hapo, kesho panda juu.

Na usimuulize mhudumu "hapa nini kizuri?" Atakwambia vyote vizuri, na ni haki yake. Muulize "wewe mwenyewe leo utakula nini?" Utaona uso unabadilika. Wengi watakuonyesha sufuria yenyewe.

Jambo la mwisho halafu nawaachia wengine. Los Angeles kulikuwa na mwandishi wa habari za chakula, Jonathan Gold. Akiwa kijana alijipa kazi ya kula katika migahawa yote iliyokuwa kwenye barabara moja, Pico Boulevard. Barabara ya kawaida tu, imejaa migahawa midogo ya watu waliohamia mjini kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 2007 alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, na alikuwa mhakiki wa kwanza wa migahawa kuipata. Ninachokichukua kwake ni mwendo wake: alishika mtaa mmoja akaujua. Mgeni anayezunguka mji mzima akifuata jina hili na jina lile anaishia kuwa mgeni kila mahali. Chagua mtaa mmoja karibu na ulipofikia, ule hapo hapo siku zako zote. Siku ya tatu unakuwa na kiti chako.

Jikoni Zamani

Mkuu MlaMjini umeongea. Nimefanya kazi jikoni miaka mingi kabla sijaacha, nami naongezea upande wa ndani, maana kitamu na salama si kitu kimoja.

Anza na pua. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi bila kubadilishwa yana harufu yake, kali, inakaba koo, na unaipata ukiwa bado mlangoni. Ukiyaona, yamekuwa meusi na mazito, yana povu linalong'ang'ania pembeni, na yanatoa moshi mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Chakula kinachotoka humo kinakuja cheusi nje na kimenyonya mafuta ndani. Nikiipata harufu hiyo nageuka, hata kama nina njaa ya namna gani.

Kisha moto. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ni mepesi kukumbuka: chakula kilichopikwa kikisubiri kuliwa kiwe juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha kwenye friji kiwe chini ya nyuzi 5, na kisikae nje katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Katikati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu vinapozaliana haraka. Wewe mteja huna kipimajoto, lakini una macho. Mfuniko ukifunuliwa, mvuke unapanda au haupandi? Sufuria ipo juu ya moto au imewekwa pembeni tu, vuguvugu, tangu saa ngapi haijulikani?

Wali ndio watu wanaudharau zaidi. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa vuguvugu kwa muda mrefu mbegu zile zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu, na moja ya sumu hizo haiharibiki hata ukiupasha wali ukawa wa moto kabisa. Kwa hiyo kupasha moto hakuurudishi wali uliolala kwenye sufuria jikoni usiku kucha. Wali mzuri wa mgahawa ni ule unaopikwa kidogo kidogo, sufuria ikiisha inapandishwa nyingine. Ndiyo maana nawashauri watu kula wakati wenye watu wengi, saa sita na nusu hadi saa nane. Utasubiri kidogo, lakini chakula kinazunguka. Ukija saa kumi jioni unakula kilichobaki.

Na mikono. Mtazame anayepokea hela. Je, mkono ule ule uliopokea noti ndio unaoshika chakula bila kunawa? Migahawa mizuri hata ile midogo sana inatenganisha: mmoja hela, mmoja chakula. Nenda ukanawe mikono hata kama huna haja. Pakiwa na maji yanayotoka na sabuni, basi na wapishi wananawa. Pasipokuwa na sabuni kwa wateja, jikoni sitegemei kuikuta.

Miji mingine imerahisisha hili. New York tangu 2010 kila mgahawa unabandika mlangoni karatasi yenye herufi, A, B au C, kulingana na makosa ambayo wakaguzi wameyakuta. Alama 0 hadi 13 ndiyo A, na kadiri alama zinavyoongezeka ndivyo makosa yalivyo mengi. Wales wanatumia namba kutoka 0, mbaya kabisa, hadi 5, nzuri kabisa, na tangu 2013 mwenye mgahawa analazimika kisheria kuionyesha. England ni hiari, lakini unaweza kuitafuta mtandaoni. Ukifika mji wenye utaratibu kama huo, isome karatasi kabla ya menyu. Haikwambii kama mpishi anajua kupika, inakwambia kama anaosha ubao wake wa kukatia.

Hesabu Tu

Niseme kidogo kuhusu zile nyota nne na nusu zinazomsumbua dada Neema.

Nyota zina nguvu, ndiyo maana zinachezewa. Mtafiti Michael Luca, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza migahawa ya Seattle akakuta kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, mtandao wa maoni ya wateja, inaambatana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. Tena ongezeko hilo lilikuwa kwa migahawa inayojitegemea, si ile yenye matawi kila mahali. Maana yake mgahawa mdogo, huu huu tunaouzungumzia, ndio wenye faida kubwa ya kupandisha nyota, kwa njia halali au isiyo halali. Baadaye Luca na mwenzake Georgios Zervas waliangalia Boston, wakakuta maoni ya migahawa yapatayo asilimia 16 yalikuwa yamewekwa kando na Yelp kwa kutiliwa shaka.

Na kuna kisa cha London mwaka 2017. Mwandishi Oobah Butler alisajili kwenye TripAdvisor, mtandao wa maoni ya wasafiri, mgahawa usiokuwepo, kibanda cha bustani alimokuwa anaishi. Picha za "chakula" alizitengeneza kwa vitu kama povu la kunyolea. Marafiki wakaandika sifa. Kabla mwaka haujaisha ukawa wa kwanza London nzima, katika orodha ya migahawa zaidi ya 18,000. Watu walikuwa wanapiga simu kuomba meza.

Mimi siachi kusoma maoni, lakini nyota siziangalii. Nasoma yale ya nyota tatu, kwa sababu mtu wa nyota tatu hana hasira wala hana undugu na mwenye mgahawa. Natafuta jina la chakula. Mtu aliyekula kweli anakitaja: samaki alikuwa mkavu, maharage yalikuwa mazuri, juisi ilichelewa. Aliyetumwa anasema huduma bora, mandhari nzuri, nitarudi tena. Naangalia na tarehe, maana mpishi akihama mgahawa unabaki na nyota zake za zamani. Na picha natazama za wateja tu, zile za giza zilizopigwa vibaya.

Ila kaka MlaMjini, kwa foleni nadhani umekuwa mpole. Foleni ndefu ya watu wenye simu mkononi wakipiga picha bango inaweza kuwa ni ya watu wote waliosoma orodha moja. Mimi foleni ya namna hiyo nainyima imani kabisa.

MlaMjini

Hesabu Tu, hapo tuko pamoja, ndiyo maana nikaweka bakuli mbele ya foleni. Lakini tusiidharau foleni yote. Mwaka 2016 Michelin, kile kitabu maarufu cha kupima migahawa, ilitoa nyota kwa vibanda viwili vya chakula vya Singapore, vibanda hasa, watu wanakula kwenye meza za pamoja. Kimoja kiliipoteza nyota yake mwaka 2021, kingine mwaka huo kilibaki nayo. Foleni zilikuwepo kabla Michelin haijafika. Na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni mzima wa vibanda vile kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mimi nilifurahi sana, kwa sababu kwa muda mrefu mtu akisema chakula bora watu wanafikiria glasi ndefu na uma tatu. Sasa imeandikwa kwamba mtu aliyesimama kwenye kibanda miaka thelathini akipika kitu kimoja ni fundi kama fundi yeyote.

Kuna foleni za namna mbili. Angalia nini kinatokea mbele yake. Ikisogea haraka, watu wanajua wanachotaka na hela iko mkononi, hiyo ni foleni ya wenyeji. Ikisimama, kila mtu anauliza na kupiga picha, nenda mlango wa tatu.

Bi Rehema

Asanteni wanangu, nimesoma yote. Mimi nina mjukuu mwenye mzio wa karanga, nikisafiri naye siwezi kubahatisha. Kwa hiyo nina kipimo changu ambacho hamjakitaja.

Nauliza swali moja: chakula hiki kina karanga, au kimekaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa karanga? Halafu sisikilizi jibu, natazama mwendo. Mhudumu anayejibu "hakuna" papo hapo huku anafuta meza, namshukuru na kuondoka. Anayesema "ngoja mama, nikaulize jikoni", akaenda kweli, akarudi na jibu au akarudi na mpishi mwenyewe, huyo nakaa. Wakati mwingine anarudi na kuniambia "hicho kina karanga, chukua hiki." Basi mgahawa huo nimeupata, na nitakula hapo hadi nitakapoondoka mji huo, iwe kitamu sana au kitamu kiasi.

Hata asiye na mzio namshauri aulize swali lolote la jikoni. Nyama hii imepikwa lini? Mboga hii ni ya leo? Majibu ya mhudumu yanakuonyesha kama ndani kuna watu wanaoongea au kila mtu kivyake.

Na wewe Neema mwanangu, kwa kuwa unasafiri peke yako, tazama kama kuna wanawake waliokaa peke yao wanakula bila haraka. Wakiwapo, na wewe utakula kwa raha. Chakula kizuri ukikila huku unageuka geuka nyuma hakishuki.

Neema wa Safari

Bi Rehema, shikamoo, na asante sana. Hilo la wanawake waliokaa peke yao nalifanya bila kujua, sasa nitalifanya kwa makusudi. Jikoni Zamani, hilo la wali limenishtua, nimeshakula wali wa saa kumi jioni mara nyingi mno.

Bado nina maswali mawili. Moja, nikifika usiku sana, masufuria yameshaoshwa, nifanyeje? Pili, na mimi nikipata mgahawa mzuri ningependa kuwaachia wengine neno, lakini lisiwe kama hayo maoni ya kutumwa ambayo Hesabu Tu anayasema. Mnaandikaje?

Hesabu Tu

La pili: andika ulikwenda siku gani, saa ngapi, ulikula nini na kipi hukukipenda. Hicho usichokipenda ndicho kitakachofanya uaminiwe.

MlaMjini

Kweli kabisa, nami naongezea kwamba uandike kwa mtu mmoja unayemjua. Mimi huwa namfikiria dada yangu ambaye hapendi kusubiri na anapenda mboga. Hapo maneno kama "kitamu sana" yanakauka yenyewe, kwa sababu atakuuliza kitamu vipi. Kwa mfano ule mgahawa wa supu niliandika hivi:

"Nilikwenda mchana wa katikati ya wiki, kabla ya saa saba. Meza chache, feni ina kelele, kaa upande wa kulia uone jiko. Supu ni nzito na chumvi imekaa, mkate unaokuja nayo ni wa jana. Samaki walikuwa wamekwisha. Mhudumu ni mmoja, kwa hiyo ukiwa na haraka lipa pale unapoagiza. Hakuna mahali pa kuegesha gari."

Mistari michache, lakini mtu ameshajua aende saa ngapi, akae wapi, aagize nini na aache nini. Usiandike ukiwa bado mezani na furaha yote, wala usiandike siku uliyochoka. Na kama kuna kitu hakikuwa sawa, mwambie kwanza mwenye mgahawa kwa upole, pale pale. Mara nyingi atakirekebisha na wewe ukiwa bado umekaa. Mgahawa mdogo unaweza kufungwa kwa maneno makali ya watu wachache, na nyuma ya kila sufuria kuna familia inayoitegemea. Sisemi uongope. Nasema upime, na useme kile ulichokiona kwa macho yako.

La usiku: tafuta wanaofanya kazi usiku wanakula wapi. Kila mji una watu hao, madereva, manesi, walinzi, wachukuzi wa soko la jumla, waokaji. Soko la jumla la mboga au samaki linaamka saa nane au saa tisa usiku, na pembeni yake kuna mtu anawapikia. Karibu na hospitali kubwa vivyo hivyo, na kwenye kituo cha mabasi ya mbali, ila kituoni chagua kule wanakokaa madereva wenyewe, si abiria. Muulize dereva wa teksi aliyekuleta, lakini usimuulize "wapi kuna chakula kizuri", maana atakupeleka anakodhani mgeni anapataka. Muulize yeye akimaliza zamu anakula wapi, na kama bado hajala, mwambie mwende wote.

Jikoni Zamani

Na usiku huo agiza kinachopikwa mbele yako. Mayai, kitu cha kuchoma, supu inayochemka. Kilichokwisha kupikwa na kufunikwa tangu jioni kiache.